Jalada Pacha

Leo nimeamua kuwazungumzia watu ambao hata Mei Mosi hawatajwi jukwaani: makarani wa masjala, maofisa kumbukumbu, na wale wa nyumba za nyaraka za taifa ambao kutwa nzima wako na vumbi na maboksi. Nawazungumzia kwa sababu ya siri za serikali. Zikitajwa siri za serikali, wengi wetu tunawaza majasusi. Mimi namwaza karani. Jasusi huenda anajua jambo moja tu. Karani ndiye anayejua jambo hilo limefunguliwa jalada gani, lina namba gani, na nani alilichukua mara ya mwisho bila kulirudisha.

Kisa nitakachokitumia ni cha Kenya na Uingereza, lakini kitatufikisha mpaka hapa tulipo.

Mwezi Juni 2009 Wakenya watano wazee walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya serikali ya Uingereza: Wambugu wa Nyingi, Paulo Nzili, Ndiku Mutua, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Walisema waliteswa kambini katika hali ya hatari iliyotangazwa Kenya mwaka 1952 wakati wa vita vya Mau Mau. Nzili na Mutua walisema walihasiwa. Nyingi alikuwa Hola tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo walinzi waliwapiga watu wa kizuizini kwa marungu mpaka 11 wakafa. Yeye alizimia, akalazwa pamoja na maiti. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni kuhusu vifo vile ilisema watu wale walikufa baada ya kunywa maji.

Serikali ya Uingereza haikuanza kwa kubisha kwamba mateso yalikuwepo. Ilianza na hoja ya kisheria: hata kama yalitokea, dhima ya serikali ya koloni ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Basi wazee wakadai Nairobi. Iweke akilini hoja hiyo, msikilizaji, maana muda si mrefu utaona kilichohamia na kilichobaki.

Upande wa wazee ulikuwa na wanahistoria watatu walioisoma miaka ile kwa kina: David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Anderson alikuwa amekutana na jambo lililomkera. Katika nyaraka zilizokwisha kufunguliwa kulikuwa na dalili kwamba kabla ya uhuru majalada yapatayo 1,500, katika masanduku 300, yalipakiwa kwenye ndege Nairobi kwenda London. Majalada hayo hayakuwepo katika orodha za Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, pale Kew. Hayakuwepo Nairobi. Basi yako wapi? Akaliandika swali hilo katika ushahidi wake, na mahakama ikalitaka jibu.

Januari 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikakiri kuwa imeyaona. Yalikuwa Hanslope Park, jumba la zamani lenye uzio katika jimbo la Buckinghamshire, ambako serikali ile ina shughuli zake za mawasiliano na usalama. Na hayakuwa ya Kenya peke yake. Mwezi Aprili mwaka huo wizara ikasema imekaa na majalada takriban 8,800 kutoka tawala 37 za zamani. Katika mkusanyo huo imo Tanganyika, imo Zanzibar, imo Uganda, ziko Shelisheli, Kupro, Malta na Malaya. Nusu karne karatasi zile zilikaa rafuni, na watu waliokuwa wakiziulizia walikuwa wakijibiwa na ofisi ile ile iliyokuwa inazilipia kodi ya chumba.

Sasa turudi nyuma tuingie masjala zenyewe, mwaka 1961.

Tarehe 3 Mei mwaka huo Iain Macleod, waziri wa makoloni, alipeleka simu ya maandishi kwa watawala wa makoloni yaliyokaribia uhuru. Alieleza ni karatasi za namna gani zisiachwe mikononi mwa serikali mpya. Aina zilikuwa nne. Ya kwanza, zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza au serikali nyingine. Ya pili, zinazoweza kuwaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi, au watu kama wapashaji habari wa polisi. Ya tatu, zinazoweza kufichua vyanzo vya habari za kijasusi. Ya nne, zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia isivyostahili. Angalia lililotangulia. Kabla ya jasusi, kabla ya mpashaji habari ambaye angeweza kuchinjwa usiku, limetangulia neno aibu.

Kenya na Uganda wakabuni utaratibu. Nyaraka zikagawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza liliitwa la Urithi, hilo ndilo la kukabidhiwa wenye nchi. La pili liliitwa Watch, likawekewa muhuri wa herufi W. Majalada ya W yaliruhusiwa kushikwa na raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya tu. Fikiria basi karani Mwafrika au Mhindi katika ofisi ya serikali Nairobi, mtu aliyelifungua jalada kwa mkono wake, akaliandika jina, akalipa namba, akalipokea na kulitoa miaka na miaka. Asubuhi moja anaambiwa jalada lile si la mikono yake tena. Hakuambiwa kwa nini. Lakini watu wa masjala si wajinga, na kabati lililohamishwa chumba hujulikana jengo zima kabla ya chai ya saa nne.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Maelekezo yalisema hivi: ofisa akinyofoa jalada la W kutoka katikati ya majalada ya Urithi, asiache pengo. Atengeneze jalada pacha, la uongo, alichomeke pale pale lilipotoka la kweli. Ikiwa hilo haliwezekani, ang'oe mfululizo mzima. Mihuri ya W itunzwe chini ya ulinzi. Na kuwepo kwa utaratibu wenyewe kusijulikane kamwe.

Kwa asiyeifahamu kazi ya masjala, hilo jalada pacha litaonekana dogo mbele ya moto na ndege. Si dogo. Masjala yoyote inasimama juu ya namba. Jalada lina namba yake, ndani ya jalada kila karatasi ina folio yake, na juu ya yote kuna daftari linaloonyesha nini kilifunguliwa lini. Jalada likitoka, mahali pake inaachwa kadi inayosema limeenda kwa nani na tarehe gani. Mtu akikuta la 3 na la 5, la 4 halipo, na kadi haipo, hahitaji elimu kubwa: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Chuo cha Utumishi wa Umma, Tabora, atauliza liko wapi. Pengo lenyewe ni taarifa. Linasema: hapa palikuwa na kitu. Jalada pacha liliwekwa ili hata hilo lisisemwe. Mwenye duka akikuficha faida yake ni haki yake. Akichana ukurasa wa daftari la madeni, kisha akashona mwingine wenye mwandiko ule ule, huyo hafichi tena, anakutengenezea dunia nyingine.

Na waliofanya hivyo hawakuwa washenzi wa kazi. Walikuwa mahodari. Ili ughushi mfululizo wa majalada usijulikane, lazima uijue taaluma vizuri sana.

Kisha kukawa na moto. Kulikuwa na maelekezo ya namna ya kuchoma: karatasi ziwe majivu kamili, na majivu yenyewe yapondwe. Ambako kuchoma hakufai, maboksi yafungwe na kuwekewa uzito, yatoswe baharini mahali penye kina kirefu na pasipo mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo. Wenzetu wa pwani mtanielewa: aliyeandika sharti lile la mkondo aliijua bahari. Lakini sikia kichekesho. Walioteketeza walitakiwa kusaini hati za uteketezaji, na hati kadhaa za namna hiyo zimebaki katika mkusanyo ule ule wa Hanslope. Yaani karatasi iliyochomwa iliacha kumbukumbu ya kuchomwa kwake, na iliyosafirishwa ikiwa salama haikuacha Nairobi hata kadi.

Sasa mfikirie mtunza nyaraka wa Kenya huru. Sheria ya nyaraka za taifa ilipitishwa Nairobi mwaka 1965. Idara ikaanza kukusanya majalada kutoka mikoani na wilayani, na baadaye ikahamia lile jengo la iliyokuwa Bank of India, Moi Avenue, ambalo msafiri yeyote aliyepita katikati ya Nairobi amewahi kulipa mgongo akisubiri mtu. Kazi ya kwanza ya mtunza nyaraka akipokea mkusanyo ni kuuamini mpangilio aliouachiwa. Haupangui kwa kadiri ya akili yake. Anauacha ulivyotoka ofisini, kwa sababu mpangilio nao ni ushahidi. Ndiyo kanuni ya kwanza wanayofundishwa kokote duniani. Basi watu hawa walikuwa wakiutunza kwa uaminifu mpangilio ambao mtu mwingine alikwisha kuuchezea kwa makusudi. Heshima ya taaluma yao ikageuka kuwa pazia la aliyeficha.

Hata hivyo hawakukaa kimya. Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliomba rasmi irudishiwe nyaraka zake. Ikakataliwa. Maofisa wa London waliona kwamba wakimrudishia mmoja, wengine nao watakuja. Kenya ikarudi kuomba tena katika miaka iliyofuata, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ikawapeleka watu wake Uingereza kutafuta kila kinachohusu Kenya na kukinakili katika mikrofilamu. Nathan Mnjama, Mkenya aliyekuja kuwa profesa wa fani hii katika Chuo Kikuu cha Botswana, ameandika sana juu ya juhudi hizo. Ukimsoma unaona uvumilivu ambao mimi nisingekuwa nao. Watu wanahesabu rafu za mwenyeji wao, wanalipia nakala za karatasi zilizoandikwa nchini kwao, na wanachoonyeshwa ni kile ambacho mwenyeji amekwisha kukubali kwamba anacho.

Unakumbuka ile hoja ya mawakili wa Uingereza? Dhima ilihamia Nairobi mwaka 1963. Karatasi za kuthibitisha dhima hiyo zilihamia upande wa pili.

Baada ya ule ukiri wa 2011 wizara ilimpa Anthony Cary, aliyekuwa balozi wao Canada, kazi ya kuchunguza ilikuwaje mzigo mkubwa hivyo ukasahaulika. Taarifa yake naipendekeza kwa yeyote mwenye cheo serikalini, maana haina majambazi. Ina watu wa kawaida. Wapo waliodhani majalada yale si mali ya wizara, yamehifadhiwa tu kwa niaba ya wengine. Wapo waliodhani hayana la maana. Wapo waliojua vizuri yana nini wakaona ni salama zaidi kutouliza. Watumishi wakastaafu, wakaja wengine, kila mmoja akarithi chumba na funguo bila maelezo.

Nalo swali la mali ya nani lilikuwa na faida yake. Kwa sheria ya nyaraka ya Uingereza ya mwaka 1958, kumbukumbu za serikali zilipaswa kufika Kew na kufunguliwa baada ya muda maalumu, uliokuwa miaka 50, ukashushwa kuwa 30, na baadaye ukashushwa taratibu kufikia 20. Wizara ikitaka kubaki na jalada kupita muda huo, inabidi iombe kibali na itoe sababu. Lakini saa hiyo ya sheria huanza kuhesabu pale tu kitu kinapohesabiwa kuwa kumbukumbu ya serikali. Majalada ya Hanslope hayakuhesabiwa kuwa kumbukumbu za Uingereza, wala hayakurudishwa kuwa kumbukumbu za Kenya, wala za Malta, wala za Zanzibar. Hayakuwa na mwenyewe, kwa hiyo hayakuwa na tarehe. Hakuna aliyelazimika kuvunja sheria ya ufunguzi wa nyaraka. Ilitosha kuyaacha nje ya orodha.

Mandy Banton, aliyefanya kazi miaka mingi na nyaraka za makoloni pale Kew kisha akaliandikia suala hili, anatukumbusha jambo ambalo wasomaji wa historia wanalisahau: hata mtunza nyaraka wa nchi iliyoficha alikuwa hajui. Alikuwa akiwaambia watafiti kwa nia njema kwamba hakuna zaidi. Mtafiti naye akaenda akaandika kitabu. Vitabu vingapi vya historia ya Afrika Mashariki vimeandikwa juu ya ile kauli ya nia njema, sijui nani atavihesabu. Na kisima hakikuwa kimoja. Oktoba 2013 gazeti la Guardian liliandika kwamba wizara hiyo hiyo ina rundo jingine la majalada yaliyopita muda wake, yakikisiwa kuwa milioni 1.2, wizara ilipohesabu vizuri ikasema yanafikia kama 600,000.

Majalada ya makoloni yalianza kupelekwa Kew kwa awamu, kuanzia Aprili 2012 hadi Novemba 2013. Na kama vile hayakutosha yaliyoyapata, mwaka 2022 mkusanyo huo uliondolewa kwa muda mikononi mwa wasomaji, kwa kuwa iligundulika una mabaki ya dawa ya wadudu iliyopuliziwa zamani. Nilicheka nilipolisoma hilo, halafu nikaacha kucheka. Mdudu wa karatasi ni tatizo la kweli katika nchi zetu, na aliyepulizia dawa ile alikuwa anatimiza wajibu wake wa kuzihifadhi.

Sasa msikilizaji mmoja atasema: je, unataka serikali isiwe na siri? Hapana, na nisingependa nieleweke hivyo. Jalada la mgonjwa ni siri. Jina la mtoto aliyebakwa ni siri. Shahidi anayelindwa, mtihani wa taifa kabla ya siku yake, bei ambayo serikali imejiwekea kabla zabuni hazijafunguliwa, yote hayo nayatetea. Hata katika orodha ya Macleod, lile la wapashaji habari lina uzito. Kenya ya 1963 ilikuwa na vijiji ambamo jirani alimtia jirani kizuizini, na kuyaanika majina yale asubuhi ya uhuru kungemwaga damu. Ningeulizwa mimi, ningesema yafungwe miaka 50, hata 70.

Lakini ningesema yafungwe Nairobi, na yaandikwe kwenye orodha. Jalada namba fulani, kichwa chake hiki, limefungwa mpaka mwaka fulani, kwa sababu fulani, kwa saini ya fulani. Mtu akija akakuta hivyo, ana la kufanya. Anaweza kusubiri, kukata rufaa, kwenda mahakamani, au kumwachia mwanawe. Siri yenye namba ina mwisho. Akikuta orodha imelala sawasawa kama mkeka, hana hata cha kulalamikia. Ndiyo maana nasema kazi ya mtunza kumbukumbu katika mambo ya siri si kuzifichua. Hatukumwajiri awe mwanahabari. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila kilichofichwa kimeandikwa kuwa kimefichwa, na kila kilichoteketezwa kimeandikwa kuwa kimeteketezwa, basi. Ni kazi ya kiofisi kabisa, isiyo na ushujaa wa sinema, na ndiyo inayowatisha wakubwa kuliko makala kumi za magazeti.

Huku kwetu sheria si haba. Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, ambayo hairuhusu mkuu wa ofisi aamke asubuhi achome majalada kwa sababu kabati limejaa; lazima upatikane uamuzi wa idara husika. Tanzania na Kenya zote zilipitisha sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Ya Kenya inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na ya Tanzania siku 30. Ya Kenya ilikwenda hatua moja ambayo naipenda: iliweka ndani yake wajibu wa kutunza kumbukumbu. Maana haki ya kuomba taarifa mbele ya ofisi isiyoandika kitu ni haki ya kuomba hewa. Kando ya sheria hizo zipo bado zile kubwa za siri, ya Kenya ya mwaka 1968 na ya usalama wa taifa ya Tanzania ya mwaka 1970. Karani anazijua vizuri zaidi hizo za pili, kwa sababu ndizo zenye kifungo kinachomhusu yeye.

Na hapo ndipo tabia inapoanza. Nilipokuwa kijana nilipata kibarua cha muda katika masjala ya ofisi moja, sitaitaja. Kulikuwa na masjala ya wazi, na ya siri nyuma ya mlango wa chuma. Bosi mmoja alikuwa mpenzi wa muhuri mwekundu. Dokezo sabili la kuomba dizeli ya jenereta, SIRI. Ratiba ya likizo za madereva, SIRI. Mzee wa masjala hakubishana naye. Alilipokea, akaliandika kwenye daftari, akaliingiza kwenye jalada lake, akaandika folio kwa penseli pembeni juu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: muhuri ni wake, namba ni yangu. Nilidhani ni maneno ya mzee anayekaribia kustaafu. Lakini muhuri ukigongwa kila mahali unafanya madhara mawili kwa mpigo. Dizeli ya jenereta inakuwa haiulizwi, na siri ya kweli nayo inaacha kuheshimiwa, kwa kuwa imelala kabati moja na likizo za madereva.

Kesi ile iliishaje? Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba wazee watatu waliobaki, Nyingi, Nzili na Jane Muthoni Mara, wanaweza kuendelea na kesi ingawa miaka imepita mingi. Moja ya sababu zake ni kwamba nyaraka zilizopo zilikuwa nyingi kiasi cha kuwezesha kesi kusikilizwa kwa haki. Karatasi ndizo zilizowabeba. Susan Ngondi na Ndiku Mutua walikuwa wamekwisha fariki. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje, alisimama bungeni akatamka kwamba serikali yake inasikitika, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228, gharama za mawakili zikiwemo humo humo. Mnara wa kumbukumbu ukajengwa Uhuru Park, Nairobi, ukazinduliwa 2015. Kundi jingine la zaidi ya watu 40,000 lilifungua kesi yake, nalo mwaka 2018 likashindwa, mahakama ikikataa kurefusha muda wa kudai. Mateso ya miaka ile ile, na kalenda ikawa upande wa mshitakiwa.

Nyaraka zenyewe, asili zake, ziko Kew hadi leo. Chama cha watunza nyaraka wa nchi za Jumuiya ya Madola kilitoa msimamo wake mwaka 2017 kuhusu jambo hili. Mkataba wa Vienna wa 1983 unaohusu urithi wa nyaraka baina ya dola haujaanza hata kutumika, kwa kuwa nchi zilizouridhia hazijatimia. Wakubwa wenye rafu zilizojaa hawana haraka.

Na kama unadhani mambo haya yalizikwa pamoja na mihuri ya W, tazama huko huko Uingereza katika uchunguzi wa Uviko. Mwaka 2023 ofisi ya baraza la mawaziri ilikwenda mahakamani kupinga kuzitoa zote, bila kuchuja, meseji za WhatsApp za Boris Johnson na wenzake, ikashindwa. Januari 2024 Nicola Sturgeon, aliyeiongoza Scotland wakati wa janga, aliuambia uchunguzi kwamba meseji zake za WhatsApp hakuzibakiza. Alisema mambo ya maana yaliandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Huenda ni kweli. Shida ni kwamba anayeamua lipi lilikuwa la maana ni yule yule aliyefuta, na hakutakiwa kusaini hati kama ya wale maofisa wa 1961.

Kwetu hatuko nyuma. Kikao cha dharura kinaitwa kwenye grupu, hoja zinatolewa kwenye grupu, mkubwa anaandika "sawa, endeleeni", na Jumatatu yake tingatinga liko uwanjani. Katika jalada utakuta barua ya mwisho ni ya mwezi uliopita, haijibu lolote. Simu ya mkubwa ni yake binafsi. Akihamishwa anaondoka nayo. Hapo huhitaji hata kutengeneza jalada pacha.

Simu za studio zimefunguliwa. Wenye mawazo yoyote karibuni, lakini leo nitaanza na watu wa masjala, wa serikali kuu na wa halmashauri, na si lazima mtaje mnakofanya kazi. Naomba mniambie jambo moja tu: ofisini kwenu, uamuzi uliotolewa kwa WhatsApp unaingiaje kwenye jalada, na ni nani anayeuandikia folio? Nina mpigaji wa kwanza tayari, anasema anatoka Tabora. Karibu, ndugu yangu, uko hewani.